Siku Niliyofagia Uwanja Baba Akiwa Porini

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kwetu Busawe tulijua mwaka umefika wapi kwa kuangalia wanyama. Masika nyasi zilinizidi kimo, wanyama walikuwa na mimba au watoto wachanga, na baba yangu aliuweka upinde wake juu ya dari akashika jembe. Kiangazi nyumbu walifika kwa makundi, na wanaume wakaingia porini kutafuta kitoweo. Mvua za vuli zilipoanza, nyumbu waliondoka, na simba waliobaki na njaa wakaanza kuyasogelea mazizi yetu. Hapo wawindaji waligeuka walinzi.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwenye maneno alikuwa mama yake, Bibi Nyangi, na katazo lake kubwa lilikuwa moja: mwenye mkuki akiwa porini, uwanja wake usifagiliwe mpaka arudi. Ukifagia, alisema, unafuta nyayo zake, na aliyefutiwa nyayo atarudi kwa njia ipi? Kwa hiyo siku za mawindo uwanja wetu ulijaa maganda ya mahindi na mavi ya mbuzi, na hakuna aliyeona aibu.

Mwaka huo ulikuwa wa dhahabu. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda kuchimba upande wa Nyamwaga, akiwemo baba mdogo Chacha, ambaye siku zote alikuwa ubavuni mwa baba wakiwa porini. Alirudi mara moja tu, amevaa viatu vipya, akamcheka baba kwamba bado anafuata kwato za wanyama. Baba alitabasamu, akaendelea kunoa mkuki.

Asubuhi moja tulikuta mtamba wetu mwekundu ametolewa zizini. Alama za kuburutwa zilielekea korongoni. Yowe likapigwa. Miaka ya nyuma yowe kama lile lilijaza uwanja wanaume wenye mikuki. Siku ile walikuja wanne, na wawili kati yao walikuwa wazee.

"Subiri wengine," mama alimwambia baba.

"Wengine wako mashimoni," baba akajibu, akaondoka.

Mama akaenda mtoni kuchota maji, kwa kuwa hakuna aliyejua siku ile ingeishaje. Bibi akasimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba akitazama bondeni. Nikabaki peke yangu uwanjani, na ndipo akatokea mama mdogo Robi, ndugu wa mama aliyeolewa Migori, akiwa njiani kupeleka khanga na sabuni kwa wachimbaji. Nilimpenda kupita kiasi. Alinukia vizuri na alinichukulia kama mtu mzima.

"Ai, Bhoke! Hapa ni kwenu ama ni zizini?" alisema, akicheka.

Alikuwa anatania tu. Alikunywa uji, akaaga, akaenda zake. Lakini mimi aibu ilikuwa imeniingia. Nilifikiri nisafishe pale mlangoni tu, mahali pa kukaa wageni. Nikashika fagio, na nilipoona palivyopendeza, nikaendelea mpaka langoni.

Mchana walimleta baba juu ya machela ya miti. Simba alikuwa ameuawa, lakini bega la kushoto la baba lilikuwa limechanwa hadi mfupani. Bibi alikuja mbio, akasimama ghafla, akatazama chini.

"Nani amefagia?"

Wakati huohuo mama aliingia akitoka mtoni, ndoo bado kichwani. Akamwona baba. Akauona uwanja. Akaniona mimi.

"Ni mimi, mama," alimwambia Bibi. "Nilipitisha fagio kabla ya kwenda mtoni. Nilisahau."

Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Wewe si mtoto," akampa kisogo.

Baba alilazwa hospitali muda mrefu, akapona, ila mkono ule haukuinuka tena kupita kifua. Mwaka mzima Bibi hakula chakula cha mama. Alijipikia mwenyewe, kwenye mafiga yake, mbele ya macho yetu. Majirani wakajua, wakanong'ona. Kila nilipotaka kusema ukweli, mama alinikatiza kwa kazi. Kalete kuni. Kaangalie ndama. Nikakua na lile jambo kifuani.

Nilikuja kulitoa nikiwa sekondari, likizo, nikimwosha Bibi miguu. Alikuwa amezeeka sana. Nilimweleza yote.

"Nilijua," alisema. "Mistari ya fagio ilikuwa mifupi. Ya mkono wa mtoto."

"Sasa mbona ulimtesa mama?"

"Mwanangu alikuwa anavuja damu, Bhoke. Nilikuwa na hasira ya kuua ng'ombe. Ningekumwagia wewe, ungevunjika. Yeye alijitokeza." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Niitie mama yako."

Sijui waliongea nini. Walikaa ndani muda mrefu, na mama alipotoka alikuwa ametoka kulia, lakini uso wake ulikuwa mwepesi.

Baba mwenyewe, kila alipoulizwa, alisema simba alimrukia kutoka upande ambao zamani alisimama Chacha, na siku ile upande huo haukuwa na mtu. Naamini hivyo. Hata hivyo siwezi kumcheka Bibi. Katazo lake lilitufanya sote, hata watoto, tumfikirie mtu aliye porini kila tulipokanyaga uchafu wa uwanja wetu. Siku ile mimi nilimsahau baba kwa muda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko fagio.

Mama yu hai. Juzi tu nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alijitwisha kosa langu mbele ya watu wote wale. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi kabisa.

"Ulikuwa unatetemeka," alisema.