Damu Ilipofunika Skrini

Chihaya Narumi alizaliwa Hirosaki, mji wa mashamba ya matufaha, na tangu utoto alisifiwa kwa mkono mtulivu. Akasomea udaktari, akabobea katika kupasua ini kupitia matundu madogo: kamera tumboni, vyuma virefu mikononi, macho kwenye skrini. Ini limejaa damu kama sifongo, lakini halikuwahi kumtisha.

Mpaka asubuhi ile ya theluji, alipokuwa akiondoa uvimbe kwenye ini la mzee Kudo, mnoa visu. Kazi ilikaribia kwisha. Ghafla skrini ikawa nyekundu tupu.

"Sioni kitu!" alimaka Hoshi, msaidizi wake aliyeshika kamera.

"Irudishe nyuma. Usiitoe!"

Chihaya aliwaza haraka. Utepe wa kubana mishipa inayoingiza damu kwenye ini ulikuwa umeshakazwa. Sasa hii yatoka wapi? Ndipo akatambua: umechanika mshipa wa nyuma, unaopeleka damu moyoni, na utepe haubani huo.

Mkono ulitaka kubana hivyo hivyo, gizani. Akauzuia. Ukibana usichokiona, unachana zaidi. Akasukuma kipande cha kitambaa cha shashi ndani, akakandamiza penye damu.

"Punguza maji ya dripu, damu ipungue kasi," alimwambia Sannohe, daktari wa usingizi. "Na hewa tuliyojaza tumboni tuiongeze, iikandamize damu."

"Kidogo tu, Daktari. Ikipenya mshipani ikafika moyoni, mzee hatunaye."

"Tufungue tumbo?" aliuliza Hoshi.

"Vifaa viwe tayari. Ngoja kwanza."

Wakangoja, macho kwenye skrini. Aliponyanyua shashi, damu ilichuruzika tu, na tundu likaonekana, dogo kama punje ya mchele. Tundu hilo ndilo lililotaka kuua mtu! Akalishona, kisha akamalizia kuondoa uvimbe.

Alitoka nje. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wa mzee, akamwambia bila kuficha:

"Damu ilimtoka ghafla, mama. Nilidhani nimempoteza."

Bi Kudo akamkazia macho. "Sasa hivi yu hai?"

"Yu hai. Damu imekoma."

"Basi mbona unalia, mwanangu?"

Chihaya akajigusa shavu. Lilikuwa limelowa, na yeye hakuwa na habari.

Mzee Kudo alipona, akatoka hospitali kwa miguu yake. Chihaya alirudi kupasua, lakini hakumruhusu tena mtu yeyote kuusifu mkono wake.