Miguu Iliyogoma Mlangoni

Ukitaka kumjua Herménégilde Nkeshimana wa Kiringye, anza na miguu yake. Kwa miaka kumi na minane alibeba mfuko wa barua kutoka Kiringye hadi Uvira na kurudi, tambarare yote ya Ruzizi, jua liwake, mvua inyeshe. Watu walidai barua zake hufika wino haujakauka. Yeye aliwaachia waseme, kwani sifa hazikumchosha hata kidogo.

Tena alikuwa mtu wa adabu. Pale wasafiri walipolala pamoja wamenyoosha miguu, yeye alizunguka upande wa vichwa, hata njia ikiwa ndefu. Kwao, kumruka mtu miguu ni kumfungia bahati yake, na aliyeruka kwa kusahau sharti arudi aruke palepale ili aifungue. Herménégilde hakuwahi kumruka mtu, na jambo hilo nalo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Basi mwaka wa 1956, mfuko wa barua umeshapewa mwingine naye amebaki na shamba lake la pamba, miguu ikamgomea. Kwanza mkono wa kulia ulianza kutetemeka, na hatua zikawa fupi fupi. Shambani alikwenda hivyohivyo akafika. Lakini mlangoni! Akifika kizingitini, nyayo zinanata chini, kiwiliwili kinataka kutoka, miguu haitaki.

"Baba Generose, toka, uji iko napoa," mkewe Pudentienne alimwita asubuhi moja kutoka uani.

"Minye nataka kutoka. Miguu njo inakataa."

Pudentienne alidhani ni mzaha, akacheka. Alipoona jasho usoni mwa mumewe, kicheko kilimkauka.

Jirani yao Nyandwi, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikuja na jembe begani. "Iko kitu balizika chini ya mulango," alisema. "Tuchimbe." Wakachimba kizingiti mpaka shimo likafika magotini. Walipata vigae vya chungu na kijiko kilichooza kwa kutu. Nyandwi akakiinua juu kwa vidole viwili, akitangaza kuwa uchawi wenyewe ndio huo.

"Ile ni kijiko yangu!" Pudentienne akasema. "Minye nakitafuta tangu Generose anazaliwa."

Hata hivyo, walipolaza matete juu ya shimo ili watu wapite, Herménégilde alitazama tete la kwanza, akainua mguu. Akaruka la pili, na la tatu, hadi uani. Vigelegele vikapigwa. Nyandwi akachinjiwa kuku kwa shukrani. Kesho yake walifukia shimo, wakasawazisha udongo vizuri, na miguu ikagoma tena. Kuku alikuwa ameshaliwa.

Ni Pudentienne aliyesema waende Uvira. Walipanda lori la pamba, wakafika kwenye dispansari alipofanya kazi Basile, muuguzi ambaye zamani alikuwa akipokea barua mikononi mwa Herménégilde. Basile alimtembeza, akamsimamisha mlangoni, akamwona anavyonata. Kisha Pudentienne akamsimulia habari ya matete. Basile hakucheka. Alichukua chaki, akachora mistari sakafuni, mmoja mmoja, kupita mlango. Herménégilde akaivuka yote bila kusita.

"Baba, sikiliza," Basile alisema. "Mu kichwa iko njia mbili za kutembea. Ya kwanza inatembea yenyewe, mutu hafikiri. Kwako, ile njo imeharibika. Ya pili inangoja macho yaone kitu cha kuruka. Ile iko muzima."

"Na dawa?"

"Ya kuponya haiko bado. Kule Bulaya baganga bako nachungulia ubongo, banaandika, banabishana. Weye rudi kwako, laza matete."

Herménégilde alirudi ameridhika. Hakurogwa, na miguu yake haikuwa mivivu. Njia moja tu ilikuwa imekatika, na mbeba barua anajua la kufanya njia ikikatika. Tangu siku hiyo matete sita yalilala mlangoni, naye akaingia na kutoka kama chifu.

Ikabaki siku ya kuposwa Generose, binti yao wa pekee. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nyakabere na pombe yao, wakiongozwa na Bigirimana, baba wa kijana. Desturi ilikuwa hivi: wageni husimama uani, na baba wa binti hutoka ndani kwa miguu yake kuwapokea. Asipotoka, amekataa, nao hurudi na vibuyu vyao. Herménégilde hakulala vizuri juma zima kwa ajili hiyo.

Sasa Louise, dada yake, ni mtu wa usafi uliopita kiasi. Siku hiyo alifagia ua mara tatu. Akakuta matete mlangoni, akayaona ni takataka, akayachochea motoni chini ya sufuria.

Wageni wakaingia uani, wakasimama, wakaita. Herménégilde, ndani ya koti lake jeusi, akaja mpaka kizingitini, akatazama chini. Udongo mtupu, laini. Miguu ikanata. Bigirimana alimwona, akangoja. Akaendelea kungoja. Mtu mmoja nyuma yake akainua kibuyu chake kutoka chini, na Generose akaziba uso kwa mikono.

Pudentienne aliiona miguu ya mumewe kutoka jikoni. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alikuja kwa mwendo wa mwenye nyumba, akasimama kando ya mlango, akaunyoosha mguu wake mtupu mbele ya kiatu cha mumewe.

"Ruka," alisema chini chini.

"Mama Generose, hapana. Bahati yako."

"Minye njo nakuambia. Ruka."

Akautazama mguu ule, wenye ufa kisiginoni, uliomfuata miaka ishirini na mitano. Akainua wake. Akauruka, akatoka, na hatua moja ikaita nyingine mpaka mikono yake ikaishika mikono ya Bigirimana.

"Tumepokelewa," Bigirimana alisema kwa sauti, na vibuyu vikashushwa chini.

Walikunywa hadi jua likaegemea milima. Wageni walipoondoka, Louise alikuja mbio na mzigo wa matete mabichi, machozi yakimlengalenga. Herménégilde, amesimama nje ya mlango, alimzuia kwa mkono unaotetemeka.

"Acha kwanza, Louise. Mama Generose, lete muguu. Nikurudishie bahati yako."

"Kwani nilisema imepotea?" Pudentienne akauliza, lakini mguu alikuwa ameshaunyoosha. Akaushika mkono wa mumewe, naye akauruka ule mguu polepole, akaingia nyumbani.