Majivu ya Uzioni na Mcheremukha wa Avgusta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jua limeshatoka lakini halijapasha kitu, na Avgusta Prokopyevna amepiga magoti kando ya uzio, pua karibu iguse ardhi. Anasoma majivu.

Kila jioni huyatoa jikoni kwake na kuyamwaga mstari mmoja, kutoka banda la mbuzi hadi lango dogo la nyuma. Kila asubuhi huyakagua kabla hata ya kunywa chai. Ni mwaka wa nne sasa. Katika muda huo ameshawanasa kunguru, kalunguyeye, na mara moja mtu mwenye kiatu cha mpira chenye kiraka mguu wa kulia. Huyo wa kiraka alimsaka kijiji kizima wiki mbili, mpaka jioni moja alipovua viatu vyake mwenyewe mlangoni, akakiona kiraka.

Leo kuna nyayo, na si zake. Ni za buti kubwa la mwanamume, zimevuka mstari zikielekea kwenye miti, kisha zikarudi zilikotoka.

"Nilijua tu," anasema, akijifuta magoti. "Mtu akikutendea wema siku ya kwanza, ya pili anakuja kuchukua."

Mtu anayemsema ni jirani yake, Innokenti Pavlovich, ambaye hapa kijijini Malaya Kedrovka kila mtu humwita Kesha. Wema anaousema umening'inia mitini: ndoo tatu za bati, kila moja imejaa maji na matawi yenye maua meupe. Kwa nini mtu aning'inize ndoo za maua kwenye miti ambayo yenyewe imechanua, hilo lina hadithi ndefu, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo Avgusta haipendi kuisimulia.

Ana miaka sitini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo alilinda kivuko cha reli kilomita sita kutoka hapa, akishusha na kupandisha kizuizi. Kazi hiyo, anasema, ilimfundisha kutomwamini mtu yeyote anayesema treni bado iko mbali.

Nyuma ya kibanda cha kivuko ndiko alikouona mti wake. Majira ya baridi ya mwaka mmoja yalishuka hadi nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri. Mitufaa ya kijiji kizima ilikufa, miplamu ikapasuka magome. Mcheremukha mmoja mdogo, mti wa mwituni wa maua meupe yanayonukia, uliojiotea tu kwenye kokoto za reli, ukaamka masika kama vile haukusikia kitu.

Tena uliamka kwa kuchelewa, na hapo ndipo penye akili yake. Kila mtu kando ya mto Chulym anajua kwamba micheremukha ikichanua, baridi hurudi. Watu huvaa tena makoti, hupanda viazi, na husubiri. Maua ya miti mingine huungua usiku mmoja. Mti wa Avgusta hulala wiki nzima zaidi, na ukichanua, baridi kali imeshapita. Matunda yake ni meusi, makubwa kama njegere, na hayakazi ulimi.

Alichimba machipukizi ya mizizini, akayaleta nyumbani kwa baiskeli. Leo ana miti kumi na moja bustanini. Ameipa jina Nyuta, jina la mama yake, aliyemfundisha kukausha matunda juu ya jiko na kuyasaga pamoja na kokwa zake mpaka yawe unga wa kahawia. Unga huo ndio unaotoa keki nyeusi inayopakwa krimu chachu, na hapa harusi bila keki hiyo ni mkutano tu. Pensheni ya Avgusta ni ruble elfu kumi na tisa kwa mwezi. Kilo ya unga huuzwa ruble mia saba, na mwaka mzuri aliwahi kuuza kilo arobaini.

Lakini si unga unaomkosesha usingizi. Kituo kimoja cha utafiti wa matunda, mwendo wa nusu siku kwa basi, kiliiweka Nyuta kwenye orodha ya majaribio. Ikifaulu, itaandikwa kwenye daftari la aina za miti ya nchi baridi, na miche yake itapelekwa mpaka kaskazini ambako hata viazi hupandwa kwa dua. Mama yake Avgusta alikufa bila kupigwa picha hata moja. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mti, umeoza, na makaburi ya upande ule yalisombwa na mafuriko.

"Jina lake halipo popote," anasema. "Nataka liwepo mahali pamoja. Sitaki zaidi ya hapo."

Na kwa masika manne mfululizo, Nyuta imechanua ikawa nyeupe pe, halafu ikapukutika bila kutoa tunda hata la kumpa ndege.

Hapo ndipo anapoingia Kesha, dereva wa trekta mstaafu, mjane, mfuga nyuki. Zamani, upande wake wa uzio, kwenye kivuli cha ghala, palikuwa na mcheremukha wa mwituni. Matunda yake yalikuwa madogo na makali. Avgusta aliutazama miaka yote kwa jicho baya. Aliamini kwamba nyuki wa Kesha wakitoka kwenye ule mti wakaja kwenye yake, wataichafua damu, na Nyuta itaanza kuzaa matunda makali. Basi alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini kwamba mti wa Kesha unalea viwavi, akazipeleka baraza la kijiji. Viwavi walikuwepo kweli, haki yake tumpe. Walikuwepo kwenye miti yote, na yake pia.

Kesha aliukata vuli ile ile. Hakubishana. Ila tangu siku hiyo hakumsemesha Avgusta neno. Akiwa na la kusema, alimwambia mbuzi wa Avgusta, aitwaye Marta, kwa sauti ya kutosha. Marta, mwambie bosi wako maji yake yanatiririka kwangu. Marta, mwambie bosi wako posta wameleta barua yake kwangu. Avgusta naye alijibu kwa kupitia nyuki.

Masika yaliyofuata Nyuta haikuzaa, na Avgusta hakuhitaji mtu wa kumwonyesha mchawi wake. Alijua Kesha amemwaga kitu mizizini, pengine chumvi, pengine dizeli. Alionja udongo. Alinusa. Alianza kumwaga majivu. Tena aliona kwamba Kesha amehamisha kuni zake zote nyuma ya ghala, akazipanga juu kuliko kimo cha mtu, mahali ambapo mwenye akili timamu hawezi kupanga kuni kwa sababu theluji ya paa lote huangukia hapo. Kuna kitu kimefichwa, akawaambia wanawake wa dukani. Na katika hilo, kumbe, alikuwa sahihi.

Agosti iliyopita mkaguzi wa kituo, mwanamke kijana aitwaye Elvira Denisovna, alikuja na kalamu yake. Alizunguka bustani mara mbili, akatafuta tunda, hakuona. Kisha akauliza mti mwingine uko wapi.

"Ipo kumi na moja," Avgusta akamjibu. "Hesabu."

"Huo ni mti mmoja, mama. Umeuchimba mara kumi na moja."

Elvira akaeleza taratibu. Mcheremukha haukubali chavua yake yenyewe. Unataka ya mti wa ukoo mwingine, uliochanua siku zile zile, tena wa jirani, maana baridi ya wakati huo haiwaruhusu wadudu kufika mbali. Na chavua ya kigeni haiharibu kitu. Nyama ya tunda hufuata mti ulioibeba, kokwa tu ndiyo hubadilika. Mwisho akasema atarudi Agosti hii, na akikosa tunda tena, jina la Nyuta litafutwa kwenye orodha.

Avgusta alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamsindikiza kwenye basi, na moyoni akaamua kwamba huyu binti ana miche ya kuuza.

Lakini baridi ni ndefu na jiko halina maongezi. Kufikia Februari alikuwa amekaa na kile alichoambiwa mpaka kikamkaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyeutia shoka mti pekee uliochanua pamoja na Nyuta ni yeye, kwa saini kumi na nane.

Hakumwambia mtu. Mei ilipopita katikati alikwenda mtoni, akakata matawi ya micheremukha ya mwituni ambayo huchanua mapema, akayaficha kwenye shimo la viazi penye barafu ya mwisho, yasubiri wiki moja. Alipoyatoa yalikuwa meusi. Alikaa ngazini mwa shimo na yale matawi mapajani, akalia. Analitaja hilo bila aibu. Alilia kama siku ya mazishi, maana kwake lilikuwa kaburi la pili la mama yake.

Tarehe ishirini na saba, upepo ukageuka. Nyuta ilikuwa ndiyo kwanza inafungua maua. Harufu ya mcheremukha anaijua kama anavyoijua sauti ya treni, na harufu ile ilikuwa inatoka upande usiofaa kutoka. Ilitoka kwa Kesha.

Alipanda juu ya banda la mbuzi, miaka yake sitini na minane na yote. Nyuma ya ukuta wa kuni, kwenye kisiki, kulikuwa na machipukizi saba, kila moja limepita kimo cha mtu na limejaa maua.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa hasira. Miaka minne amenidanganya, amenificha, kuni zote zile. Ilimchukua muda, anasema, kukumbuka kwamba alikuwa anautazama mti alioulilia shimoni. Akashuka.

Kesha alimkuta langoni kwake, na safari hii hakukuwa na mbuzi wa kupitishia maneno.

"Umekuja na shoka?" aliuliza.

"Nimekuja na ndoo."

Kesha hakufungua. Alimwambia kwamba mti ule Taisia, marehemu mke wake, aliupanda mwaka waliohamia, na keki zake zote zilitoka hapo, kali vilevile, na yeye alizipenda kali. Aliukata kwa sababu hakutaka jina la Taisia lisomwe barazani pamoja na viwavi. Lakini kisiki hakukigusa, na maua haya ndiyo ya kwanza tangu shoka. Kilipochipua, alipanga kuni kukizunguka, maana alijua jirani yake ana macho, na wenye macho wana saini.

"Nilikosea, Innokenti Pavlovich," Avgusta akasema.

"Sema kwa nguvu. Marta hajasikia."

Akasema kwa nguvu. Wanawake wa dukani wanadai walisikia mpaka kule.

Kesha alikata matawi mwenyewe. Hakumruhusu hata kushika kisu. Kila alipokata alifunga uzi mwekundu kwenye kigutu kilichobaki, ili kesho ajue kama kuna kigutu kisicho na uzi. Avgusta hakukasirika. Alisema ni uzi mzuri, na yeye angefanya vivyo hivyo.

Ndizo ndoo tatu zinazoning'inia leo, maana kwa baridi hii nyuki hawauzunguki ukuta wa kuni. Nyuki wanatoka kwenye matawi ya Taisia, wanaingia kwenye maua ya Nyuta, na hawahitaji kibali cha baraza. Kama baridi haitaua, Juni katikati vijitunda vitaonekana, na Agosti Elvira Denisovna atakuwa na cha kuandika.

Hata hivyo nyayo ni nyayo. Avgusta anazifuata kutoka kwenye majivu hadi mti wa kwanza. Anahesabu matawi kwenye ndoo, moja baada ya jingine, akitaja namba kwa sauti. Yametimia. Anahamia ndoo ya pili, ya tatu. Yametimia.

Chini ya kila ndoo, kwenye majani, kuna vipande vyembamba vya barafu, vimepinda kama mdomo wa ndoo. Usiku kipimajoto kilishuka hadi nyuzi tatu chini ya sifuri. Avgusta anaitazama barafu, kisha anatumbukiza kidole ndani ya maji. Ni vuguvugu.

Anainua macho. Upande wa pili wa uzio moshi unatoka kwenye bomba la Kesha, na birika tupu limeachwa juu ya kizingiti.

"Ana lake jambo huyu," anasema, lakini sauti imepungua.

Mpango wake anao. Aprili ijayo anataka kuchukua kijiti kimoja cha mti wa Taisia na kukipandikiza kwenye shina la Nyuta kubwa kuliko zote, ili miti hiyo miwili isitenganishwe tena na saini ya mtu. Ameshaomba ruhusa. Kesha amemwambia Marta kwamba atafikiria. Na keki ya kwanza ya Agosti, Avgusta anasema, itakuwa ya matunda makali, ipitishwe juu ya uzio.

Jioni anatoka na ndoo ya majivu kama kawaida. Anaanzia banda la mbuzi, anamwaga polepole, mstari ulionyooka, mpaka karibu na lango dogo. Hapo anasimama, anaruka nafasi ya upana wa buti mbili, kisha anaendelea.

"Si kwamba namwamini," anasema. "Ila leo nayo itaganda, na yale mabuti yake ni mapya."