Maji ya Kisima cha Kigen

Kama uliishi upande wa Lanet, hapa Nakuru, kabla mashamba ya mahindi hayajamezwa na nyumba za ghorofa, basi ulikunywa maji ya kisima cha Kigen. Na kama hukunywa, usitudanganye kwamba wewe ni mtu wa huko, maana meno yako yangekushuhudia. Zamani mtu wa Nakuru hakuhitaji kitambulisho. Alicheka tu, ukaona ile rangi ya chai kwenye meno, ukajua huyu ni wetu. Wageni walidhani hatupigi mswaki, na sisi tukawaacha na dhana zao.

Kisima hicho kilichimbwa kwa harambee, mwaka ambao mvua ilikataa katakata. Kigen alimtoa fahali wake wa pekee ili mashine ya kuchimba iletwe. Siku pampu ilipotema maji, akina mama walicheza hadi vumbi likageuka matope, na watu wazima wakarushiana maji kama watoto. Ilikuwa raha, jamani. Hakuna ofisi iliyotuma mtu, wala hakuna aliyesubiri itume.

Kigen alipofariki, ufunguo wa pampu ulibaki kwa mjane wake, Linah Cheptoo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kibii kwa jina la kifungua mimba wake. Naye akaongeza desturi yake. Mtoto akizaliwa, awe wa Mkalenjin, wa Mkikuyu au wa Mluhya, maji yake ya kwanza ya kuoga na ya uji wa mzazi yaliletwa na Mama Kibii mwenyewe, kwa ndoo ya bati kichwani, akiimba njia nzima. Akichelewa, alisubiriwa. Watoto wa ndoo ile sasa wana ndevu, na wakikutana naye barabarani bado wanampokea mzigo.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Shirika moja likaleta gari lenye vipaza sauti, likapita likitangaza: chemsheni maji ya kunywa. Lilikuwa jambo jema na liliokoa watu, tusikatae. Wengine walichemsha wiki moja wakachoka. Mama Kibii alilishika neno hilo kama amri ya kanisani. Sufuria yake ilikaa motoni hadi maji yakapungua nusu, kwa kuwa aliamini kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyozidi kuwa safi. Wakati huo alikuwa analea mjukuu, Jepkemei, ambaye Kibii alimwacha kwake alipokwenda kufanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria. Hapakuwa na mtoto Lanet nzima aliyetunziwa maji kama huyo.

Jepkemei alipoanza shule, miguu yake ilikuwa imepinda. Alitembea akiyumba, na wenzake wakikimbia alibaki akiwashikia sweta. Wengine walisema alibebwa vibaya mgongoni, wengine wakanong'ona habari za uchawi. Mama Kibii alimsugua magoti kwa mafuta ya ng'ombe kila asubuhi na kumwomba Mungu.

Hapo ndipo gari la kaunti lilipokuja, na askari, na kufuli mpya inayong'aa. Afisa wa maji, kijana aitwaye Wamalwa, alisimama nyuma ya gari akasoma karatasi: maji ya kisima hiki yana madini ya floridi kupita kiasi, yanatoka kwenye mawe ya chini, yanaharibu meno na mifupa, kwa hiyo kisima kinafungwa leo.

"Mathe, lete ufunguo," akamwambia Mama Kibii kwa lugha ya vijana wa mjini, bila hata salamu.

"Na jioni tutapika na nini?" Mama Kibii akauliza.

"Kuna mpango."

"Mpango hauchemki kwa sufuria, kijana yangu."

Watu waliangua kicheko, kisha wakaokota mawe. Gari liliondoka na kufuli yake. Siku hiyo kisimani palikuwa kama sikukuu, na Mama Kibii alishangiliwa hadi akamkumbuka Kigen na kulia.

Jumamosi, Wamalwa alirudi kwa bodaboda, peke yake. Alipiga hodi, akavua kofia, akakaa alipoonyeshwa, akapokea chai.

"Mama Kibii, naomba msamaha. Ile siku nilikosa adabu."

Alipotabasamu, mwenyeji wake aliyaona meno. "Kumbe wewe ni wetu."

"Nimezaliwa hapa hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, mama."

Jepkemei aliingia kuchukua kikombe. Wamalwa akamtazama miguu. Kisha akauliza taratibu, "Maji ya huyu mtoto unachemsha aje?"

Mama Kibii alimwonyesha sufuria kwa fahari, hadi alama ambapo maji huishia. Kijana aliweka kikombe chini.

"Mama, viini vya kipindupindu hufa kwa moto. Floridi haifi. Maji yanaondoka na mvuke, floridi yenyewe inabaki kwa sufuria, kama chumvi kwa supu."

Mtu aliyepika miaka yote hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili kinachotokea supu ikikaukia motoni. Mama Kibii aliitazama ile sufuria.

"Basi ni mimi," akasema.

"Si wewe. Sisi na wale wa shirika ndio tulikuambia uchemshe, tukaenda zetu. Hakuna aliyerudi kuuliza unachemsha aje."

"Miguu itanyooka?"

"Bado ni mdogo. Akiacha maji haya na akipelekwa hospitali, atasaidika. Siwezi kukudanganya kwamba itakuwa kama ya wengine."

Mama Kibii alijifuta macho kwa leso. "Sasa nisikilize. Serikali ikija kunipokonya kikombe, ije na kingine mkononi. Lete tanki. Kufuli nitafunga mwenyewe."

Tanki lilichukua muda, na Wamalwa alizomewa sana, lakini lilikuja. Likawekwa kanisani, likavuna mvua ya paa, na kiangazi lori likawa linalijaza. Watu wakalipita wakielekea kisimani. Maji ya mvua hayana ladha, walisema. Mama Kibii mwenyewe aliyaona kama chai iliyosahauliwa majani. Kufunga pampu ya Kigen pia kulimshinda, kila siku akisema kesho.

Ndipo jirani yake Wachuka akajifungua. Majirani walijaa uani kungoja ndoo ya bati. Mama Kibii alitoka na Jepkemei, akafika kisimani, akaushika mpini wa pampu uliolainishwa na mikono ya mumewe. Kisha akaenda zake hadi kanisani, akajaza ndoo kwenye tanki. Alirudi bila kuimba, na waliokuwa uani waliona anatoka upande wa kanisa.

Mama yake Wachuka alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Kibii, watoto wote walipata maji ya Kigen. Mjukuu wangu amekosa nini?"

Mama Kibii aliitua ndoo, akamshika Jepkemei mkono.

"Huyu ndiye aliyepata maji ya Kigen kuwashinda wote. Mimi ndiye nilimpa."

Mama yake Wachuka aliinama, akaichukua ile ndoo, akaingia nayo ndani.

Jioni hiyo Mama Kibii alifunga pampu kwa mkono wake, na asubuhi foleni ilikuwa kanisani. Jepkemei anahudhuria kliniki, anatembea vizuri kidogo, ila mbio bado hawezi.

Juzi mtoto wa Wachuka aliota meno. Mama Kibii alimpakata, akamchekesha hadi akafungua kinywa, akayatazama. Meupe kabisa, kama maziwa.

"Asante Mungu," akasema, na akamkumbatia. Kisha akamuuliza mtoto, kwa sauti ya chini, "Na wewe ukicheka ugenini, nani atajua kwamba ni wetu?"