Hamdani Alijifunza Kibembe kwa Wafiwa

Saa moja na nusu asubuhi, Hamdani Kurwa anapiga hodi kwenye mlango ambao aliye ndani hawezi kuufungua. Anabisha mara tatu, anasubiri, kisha anatoa ufunguo mfukoni na kuingia chumba cha maiti cha hospitali moja mjini Kigoma.

Ndani kuna ubaridi wa sementi na harufu ya dawa. Hamdani anashika miguu ya mtu aliyefunikwa shuka, anainamisha macho na kusema naye kwa Kibembe, taratibu, kama anayembembeleza mgeni mwenye usingizi.

"Siku wakikujibu 'karibu', usinitafute," anasema Pastory, mlinzi wa lango, akiwa hatua kumi kamili kutoka mlangoni. "Utakuta kofia yangu tu."

"Wewe huogopi wafu, unaogopa kazi," Hamdani anamjibu bila kugeuka.

Ana miaka 46, mzaliwa wa Ujiji, na analipwa shilingi 48,000 kwa mwezi kuosha na kutunza miili. Kiswahili amezaliwa nacho, Kiha amekiokota mtaani. Lakini tangu vita vianze kusukuma watu wa Kongo kuvuka Ziwa Tanganyika, miaka miwili sasa, anapokea pia Wabembe wa milima ya ng'ambo, na ndugu zao wana sharti lao.

"Kwetu, anayefunua shuka kwanza ndiye anamwambia marehemu amefika wapi," anasema Marcelina, bibi anayeongoza maombolezo. "Asipoambiwa, anarudi ziwani kutafuta njia."

Hamdani akaamua kujifunza. Mwalimu mmoja wa Mwandiga alimfundisha jioni kwa shilingi 3,000 kwa mwezi, akaanzia nyanya, vitunguu na kuulizia nauli. Mwanafunzi alivumilia wiki mbili. "Wateja wangu hawapandi basi," anasema.

Akachagua njia ya mkato: kukaa na wafiwa nyuma ya wodi na kurudia kila neno la Marcelina. Baada ya miezi minne alikisema vizuri hadi wafiwa wakawa wananyamaza kumsikiliza. Kasoro ilikuwa moja, na hakuna aliyeiona. Kibembe chake chote kilikuwa cha kusema na wafu. Hata kuomba maji hakujua.

Mwezi uliopita alikwenda Bangwe kununua dagaa. Mchangani alimkuta mzee ameketi, amelowa, anatetemeka, kila mtu anampita. Ng'ambo walipanda abiria wanane, yeye akiwemo, kwenye mtumbwi mmoja. Mawimbi yakachukua saba. Walifika yeye na mpiga kasia tu.

Hamdani alimwonea huruma. Akachuchumaa, akamshika miguu, akamwambia alichokijua: umefika, safari imekwisha, wenzako wanakuja, lala uwasubiri, usigeuke hata ukiitwa.

Mzee akaacha kutetemeka. Akajilaza, akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Watu walicheka, na mimi nilicheka," anasema Agnesi, binti wa Marcelina, anayeuza dagaa hapo. "Kisha nikaona nzi anatembea juu ya jicho lake, na kope haichezi."

Mzee huyo, Bonifasi, alibebwa hadi nyumbani kwa Agnesi, akalazwa mkekani. Siku mbili hakula wala kunywa. Watu wa kwao walimwita kwa Kibembe, wakamtikisa, wakalia. Walivyozidi kumwita ndivyo alivyozidi kutulia, maana alishaambiwa asigeuke. Muuguzi alisema moyo unapiga, lakini bila maji hataiona siku ya nne.

Marcelina alimfuata Hamdani kazini. "Mwanangu, ile maneno haifunguliwi na mtu mwingine. Weye ulimlaza, weye umwamshe."

"Kwa maneno gani, mama? Ya kuamsha hukunifundisha."

"Siyajui. Nani amewahi kuyahitaji?"

Jibu lilitoka kwa Agnesi: matusi. Kwao maiti hatukanwi, hata kama alikuwa mwizi; anayetukanwa atajua yu hai.

Basi Hamdani, mtu anayewapigia hodi marehemu, alishinda kwenye meza ya dagaa akisomea kutukana. Kila alipotamka kwa upole, Agnesi alimrushia dagaa usoni. "Kaka, unatukana kama unasali! Kaza uso!"

Alasiri aliingia alikolazwa mzee bila hodi. Hakushika miguu. Alisimama kichwani kwa mzee, akamwambia ananuka, amejaza nyumba ya watu, na mkeka ule si wa ukoo wake. Akarudia kwa sauti, machozi yakimtoka. Kwenye tusi la sita, lililomgusa mama mkwe, kope moja ikacheza.

Mzee akafumbua macho, akarudisha tusi, kisha akaomba maji.

Yaliyofuata Agnesi hapendi kuyarudia. Baada ya kunywa, Bonifasi aliuliza kwa nini ametukanwa peke yake, wakati wenzake saba wamelala kando yake na wote wanasikiliza.

Mkekani hapakuwa na mtu mwingine. "Lakini mkeka ulikuwa umelowa," anasema Agnesi. "Kutoka ubavuni kwake hadi ukutani. Na wiki hiyo mvua haikunyesha."

Siku hizi Bonifasi anakula vizuri, na kila alasiri anatembea hadi Ujiji kumfundisha Hamdani Kibembe cha walio hai: kuomba chumvi, kutania, kubishana. Ada yake ni kahawa yenye sukari vijiko vinne. Lakini sauti ya kusema na wafu bado haijamtoka mwanafunzi. Akimsalimu mtu wa ng'ambo barabarani, aliyesalimiwa hujipapasa kwanza kama yungali mzima.

Kati ya wale saba, ziwa limewarudisha wawili. Hamdani amenunua daftari na kuandika majina yote kama Bonifasi alivyomtajia, na mbele ya kila jina mambo ambayo mwenye jina alipenda kuyazungumza: mihogo, mbuzi, watoto, ugomvi wa mpaka wa shamba. Anataka aweze kumkaribisha kila mmoja kama jirani anayemfahamu.

"Watano wako njiani," anasema, akifungua ukurasa mpya. "Sitaki wafike wanikute bado najifunza."