Kizibo cha Shangazi

Mimi nina hasira za karibu, na mtu mwenye hasira za karibu hafai kumiliki gari la zamani. Lakini nilimiliki. Pikapu yangu ilikuwa nyeupe hapo awali, ila vumbi la kutoka Bukiriro kwenda Ngara mjini liliipaka rangi yake, na mimi nikaacha kubishana na vumbi. Ilibeba ndizi, maharage, mabati, wanakwaya wa kigango na ngoma zao, na haikuwahi kulalamika. Siku iliyochagua kulalamika ni siku niliyokuwa naenda kuposa.

Mchumba wangu alikuwa wa Biharamulo, na baba yake ni mzee wa saa. Anakula kwa saa, anasali kwa saa, nasikia hata kuku wake wanafunguliwa kwa saa. Mara ya kwanza kwenda kujitambulisha nilichelewa, na sababu yenyewe ni ya aibu. Nilipitia kwa kinyozi pale Ngara, umeme ukakatika nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Wewe ungefanya nini? Nilikaa kwenye kiti nikasubiri umeme. Tulifika Biharamulo wenyeji wameshakula na vyombo vimeshaoshwa.

Mzee aliitazama saa yake, akakitazama kichwa changu, kisha akasema kwa upole ulionitisha kuliko matusi: "Anayechelewa kuposa atachelewa kumpeleka mwanangu hospitali siku ya kujifungua. Rudini Jumamosi ya mwezi ujao, saa sita mchana. Ikipita saa sita msiingie getini. Geuzeni hapo hapo, mkatafute kwingine."

Aliyetuokoa kidogo siku ile ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Huyu ndiye msemaji wa ukoo wetu, na ni mpika pombe ya ndizi anayejulikana Bukiriro hadi Kanazi. Mimi nikiwa nimeinamisha kichwa sebuleni, yeye alikuwa uani anakagua pikapu ya mzee, maana mzee naye anayo, tena ni kuukuu kama yangu. Tangi la mafuta halikuwa na mfuniko. Lilikuwa limezibwa kwa kitambaa.

"Hee, mkwe! Mafuta yote si yanaishia hewani?" Shangazi akaomba jani la mgomba, akalipitisha motoni jikoni mpaka likalainika, akalikunja pamoja na nailoni, akaziba tangi na kulikaza kwa mpira wa baiskeli, vile vile anavyoziba madumu yake. Mzee alishukuru sana. Hilo ndilo neno jema pekee tuliloondoka nalo.

Mwezi ukapita. Ijumaa ya kuamkia safari nilijaza petroli Ngara mjini, nikauweka mfuniko wa tangi juu ya bodi, nikaondoka nao ukiwa juu huko huko. Mteremko wa Ngara unaujua? Basi mfuniko wangu sijauona tena. Alfajiri shangazi akaja na jani lake tayari, na nailoni yake, na mpira wake. Alipomaliza kukaza alipiga tangi kofi. "Humu hata jini hatoki," akasema.

Tukaondoka. Mbele tulikaa watatu: mimi, shangazi, na mshenga wetu, katekista mstaafu mwenye suti ya kahawia na maoni juu ya kila kitu. Nyuma kulikuwa na madumu ya pombe ya ndizi, mikungu, na mbuzi beberu wa kupeleka ukweni.

Hatujafika Benako, pikapu ikaanza kukohoa. Nikikanyaga mafuta, inapungua nguvu badala ya kuongeza. Ikajikokota, ikatikisika, ikazima.

"Mafuta yapo?" mshenga akauliza.

Geji ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo kujua mafuta ni kufungua tangi na kuchovya kijiti. Shangazi hakuruhusu mtu mwingine aguse kizibo chake. Alikifungua mwenyewe, tangi likatoa sauti: fooo! "Mnasikia?" akasema kwa majivuno. "Nimeziba hadi hewa inashangaa." Akachovya kijiti, mafuta yakawa tele, akafunga tena. Mimi nikatoa plagi, nikazisugua kwa msasa, nikazirudisha. Nikawasha. Ngurumo safi!

"Ni plagi," nikawaambia. Nikawafundisha habari za plagi mpaka Benako.

Tulipopita Benako, kwenye kilima, katikati ya malori ya kwenda Rwanda, ikakohoa tena, ikazima. Madereva wa malori walipiga honi hadi beberu akajibu. Shangazi akafungua tangi, fooo, akachovya, akafunga. Mimi nikakimbilia plagi, nikazikuta safi kama vijiko vya harusi. Hapo mshenga akakohoa kikatekista. "Vijana wa siku hizi. Tumeondoka Bukiriro bila sala." Akavua kofia, akasali sala ndefu yenye kuwataja hata mafundi waliotengeneza gari huko walikolitengenezea. Nikawasha. Ikawaka!

Mshenga akaanza tu kuimba, na kuimba kwake kulinichoma kuliko maneno.

Mara ya tatu ilizima msituni, mahali ambapo hakuna nyumba wala mtu wa kuuliza. Shangazi akafungua, fooo, akachovya, akafunga. Mimi plagi. Mshenga sala. Kisha shangazi akaenda nyuma, akamtazama beberu, akajipiga kofi pajani. "Ala! Nyie hamuoni? Mbuzi huyu anatazama Ngara! Mnyama wa posa hatazami alikotoka." Akamgeuza uso uelekee Biharamulo, akafupisha kamba. Nikawasha kwa hasira tu, ili nimwoneshe kwamba mbuzi si fundi. Ikawaka.

Jamani, nilitukanwa na gari langu mwenyewe. Nimeihudumia miaka, nimeinunulia oili mimi nikiwa navaa kandambili, halafu inamsikiliza mbuzi! Nikaendesha nimenuna, na shangazi kila mara anageuka kutazama nyuma kuhakikisha beberu yuko mkao wake.

Lusahunga nikajaza tangi hadi shingoni, nisije nikasingizia mafuta. Shangazi akaziba upya, safari hii kwa majani mawili. "Tumebakiza kidogo, tusifanye mzaha," akasema. Tukaishika barabara ya Biharamulo. Saa yangu ilionesha tunawahi, na nikaanza kuikubali hali yetu yote, plagi, sala na mbuzi, alimradi tufike.

Ikazima tena.

Safari hii hakuna aliyeuliza mafuta, kwa kuwa tulikuwa tumejaza sasa hivi. Tukaenda moja kwa moja kwenye tiba. Nilisugua plagi. Mshenga akasali, akarudia, akaongeza watakatifu. Beberu tulimgeuza mashariki, tukamgeuza magharibi, tukamshusha kabisa, akala majani ya kando ya barabara bila wasiwasi. Kimya. Nikapiga teke gurudumu na kiatu kipya cha posa, kidole gumba kikavimba papo hapo.

Simu ikalia. Ni mchumba wangu, ananong'ona. "Uko wapi? Karibu saa sita! Baba ametoka kufuata soda, lakini wazee wengine wamekaa wanatazama geti."

"Tunakata kona ya mwisho," nikasema, na mbele yangu barabara ilikuwa imenyooka mpaka macho yanaishia.

Nilipokata simu, nikapanda nyuma, nikakaa katikati ya madumu, nikajiambia basi, huyu binti ataolewa na mtu mwenye saa na baiskeli. Nasema kweli, machozi yalikuwa yananilenga. Na katika ule unyonge nikasikia dumu la pombe karibu na sikio langu likifanya psss, psss. Nikatazama. Kizibo kilikuwa kile kile, jani la mgomba na mpira, ila katikati shangazi alikuwa amechomeka bua dogo lenye tundu.

"Shangazi, hili bua la nini?"

"La kupumulia. Pombe ikiwa inachemka usipoipa tundu inapasua dumu. Mtoto wa Bukiriro mzima hujui hilo?"

"Na la petroli mbona hukuweka?"

"Petroli inachemka?"

Nikamtazama. Akanitazama. Nikakumbuka utotoni, ukinyonya soda chupani bila kuachia hewa iingie, chupa inakung'ang'ania mdomo na soda haiji. Hewa yenyewe ilitakiwa kuingia! Injini ilikuwa inanyonya, inanyonya, hewa haipati pa kupita, mpaka mafuta yanagoma kutoka. Na kila aliposimama shangazi kuchovya kijiti chake, ndipo tangi lilipovuta pumzi. Wala si plagi, wala si sala.

Niliruka chini, nikachomoa bua kwenye dumu, nikatoboa kizibo cha tangi kwa msumari na kulichomeka. Foooooo! Sikuwahi kusikia tangi likihema hivyo. Nikawasha. Ikanguruma.

Tukampakia beberu, tukaondoka. Baadaye mshenga akasema kwa sauti ndogo kwamba sala haijawahi kumdhuru mtu. Shangazi akasema hata mbuzi alisaidia.

Tulifika getini saa sita imeshapita. Si sana, lakini imepita ni imepita. Niliegesha nje, kama tulivyoamriwa, sikuthubutu kuingiza hata gurudumu moja. Kwa upenyo wa geti nilimwona mchumba wangu amesimama mlangoni, ameshika kitambaa kwa mikono miwili anakinyonganyonga. Wazee wakatutazama, wakatazamana wao kwa wao. Mmoja akainua mkono wake wenye saa, akauonesha juu ili tuuone. Mshenga akaanza kuvua kofia, na mimi nikaushika usukani nigeuze.

Ndipo tukasikia kelele nyuma yetu. Vijana wa kwaya ya pale Biharamulo walikuwa wanakuja wanasukuma pikapu, jasho linawatoka, wanahesabu "moja, mbili, haya!" Nyuma kumejaa kreti za soda zinagongana. Na kwenye usukani, amevaa suti na tai, uso umekunjamana, mkwe wangu. Amechelewa posa ya binti yake mwenyewe.

Alishuka. "Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu bila kunitazama. Kisha akanitazama, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. "Tangu siku mlipokuja hapa, gari hili halina afya. Linakwenda kidogo, linakufa. Mafundi wote wa Biharamulo wamelifungua na kulifunga. Mwezi mzima. Nimeanza kujiuliza maswali kuhusu ukoo wenu."

Wazee wakaguna. Mchumba wangu akajifunika uso kwa kile kitambaa. Mimi nikageuka kumtazama shangazi, na shangazi alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilifungua mdomo. Akanifinya mbavuni.

"Nyamaza," akanong'ona. "Nipe ule msumari."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda kwenye pikapu ya mzee polepole, kama daktari anayeingia wodini. Akaizunguka. Akagusa taa. Akagusa gurudumu, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye tangi aliinama, mgongo wake ukatukinga, tukasikia fooooo. Akasimama, akaipiga bodi kofi.

"Mkwe, washa."

Mzee akawasha. Pikapu ikaunguruma hadi kreti zikacheza. Vijana wa kwaya wakashangilia, mmoja akakaa chini kwa furaha ya kutosukuma tena.

"Shangazi!" Mzee alitoka ameacha mlango wazi. "Umefanya nini?"

"Lilikuwa limebanwa kifua, baba. Nimelipa ruhusa ya kupumua."

"Mwezi mzima mafundi wameshindwa! Sasa nikupe nini?"

Shangazi hakusita hata kidogo. Akanyoosha kidole mlangoni. "Yule pale."

Yule mzee aliyetuonesha saa akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Mkwe akaiangalia saa yake, akaliangalia jua, akavuta mkono wa koti ukaifunika saa. Akatufungulia geti yeye mwenyewe. Nilichechemea ndani kwa kile kidole changu kilichovimba, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mpaka leo mkwe ana mfuniko wa kununua, mpya, ameuweka kabatini. Tangini ameacha lile jani la shangazi lenye tundu, na likikauka anampigia simu aje amletee lingine. Kila mgeni anaoneshwa. Sijawahi kumwambia, na sitamwambia.

Mke wangu ndiye niliyemweleza yote, tena baada ya ndoa. Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akasema, "Shangazi yako ni mtu wa hatari. Anaziba mwenyewe, anazibua mwenyewe, na anaondoka na mtoto wa watu."