Filimbi ya Kumuaga Kocha Mwakio

Jumamosi tulimzika Kocha Mwakio, aliyeanzisha timu yetu ya wasichana hapa Marungu. Mimi huona haya mbele ya watu, lakini nilichaguliwa kuweka mpira mbele ya jeneza. Niliomba Mungu nisimwaibishe.

Nikauweka vizuri. Refa akapuliza filimbi ili tunyamaze dakika moja. Sasa, kocha alitufundisha penalti hivi: filimbi ikilia, piga, usifikirie. Mguu wangu ukapiga. Mpira ukamgonga pasta kifuani, akaketi chini.

Watu wote wakanigeukia. Mjane wake akainua uso uliolowa machozi.

“Nani huyo amepiga?”

“Ni mimi, mama.”

“Mwanangu, angekuambia ulenge pembeni,” akasema, akaanza kucheka huku analia.